Meza Nyuma ya Matete

Jumatatu, 10 Novemba

Jana, Jumapili tarehe 9 Novemba, saa nane ya mchana, nilimpoteza binti yangu Syntiche. Hakufa. Yuko mzima, yuko nyumbani kwa mume wake kwenye barabara ya Kasenga, ila simu yangu hashiki. Naandika leo, kichwa kikiwa bado na moto, ili nisije kusahau nani alianza.

Mume wake ni Aristote. Kwa desturi ni buko wangu, mkwe wa kuheshimiana naye, jina lake silitamki mbele yake, lakini hapa niko peke yangu. Anafanya kazi na anaishi na Syntiche kwenye shamba la zabibu la Patron Edouard, tajiri wa malori aliyechoka na malori akapanda mizabibu. Wanakamua, wanatia kwenye matangi, inatoka divai. Miaka mitatu iliyopita watu wake walipokuja kuposa, niliuliza kijana anafanya kazi gani. Wakasema: "Anachunga divai." Nikauliza: "Juu ya nini, inakimbiaka?" Watu wangu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Jana walifungua divai ya mwaka huu. Watu wa hoteli za mjini walialikwa waionje, kisha wale chakula cha mchana. Mimi pia nilialikwa. Nilivaa kitenge changu kikubwa, nikamchukua Mwenya, dada ya marehemu mume wangu, nikakodi taksi kwenda na kurudi. Mizabibu imesimama mistari mistari kwenye waya, kama nguo zilizoanikwa. Kwenye baraza kulikuwa na meza ndefu, kitambaa cheupe, glasi tatu kwa kila mtu. Nilihesabu viti: kumi na nne. Chetu hakikuwemo.

Angélique, mpishi wa pale, alitupokea.

"Karibuni, ba maman. Meza yenu iko huku."

"Huku wapi? Ku nyungu?"

Maana huku kwenyewe kulikuwa nyuma ya jiko. Waliweka ukuta wa matete, na nyuma ya matete meza ndogo ya watu wawili.

Mwenya akanishika mkono. "Shemeki, tuikale tu. Kivuli iko muzuri."

"Miye sikuvaa hii kitenge juu ya kuonekana na bakuku."

Nikatembea mpaka kwenye meza ndefu, nikavuta kiti cha mtu aliyekuwa bado hajafika, nikakaa. Syntiche alinitazama kama mtu aliyeona sufuria inaanguka. Patron Edouard yeye alifurahi: "Maman ya fundi yetu! Ikala, ikala, hapa ni kwako." Aristote alikuwa anashika chupa. Alisimama pale pale, akageuza uso. Nikasema moyoni: umeona aibu, sivyo? Mimi, muuza bunga la mahindi wa soko la Naviundu, katikati ya watu wako wa hoteli.

Mama mmoja wa hoteli akasema: "Aristote, utuonyeshe basi. Banaonjaka namna gani?"

Akakawia. Patron akamwambia: "Onyesha, bantu banangoja." Akamimina kidogo, akaizungusha, akanusa, akatia mdomoni, akaikoroga na meno. Kisha akainama, akatema kwenye ndoo ndogo ya chuma. Mbele yangu. Mume wa binti yangu, mate yake, macho yangu.

Niandike wazi kwa ajili ya wajukuu, kama nitawapata. Kwetu mume wa binti hali mbele ya mama ya mke wake, wala mama hali mbele yake. Kutema mate mbele yake ndiyo usiseme. Hivyo mpaka siku ile nyumba ya mke itakapopika vyungu vya kila chakula inachokijua, ivibebe mpaka kwake. Ndiyo kumuonyesha moto. Baada ya hapo ni mtoto wako, mnakula pamoja. Aristote sijamuonyesha. Mwaka wa kwanza bunga lilipanda bei, nikasema tutaona. Mwaka wa pili nilikuwa najenga ukuta wa nyumba, nikasema tutaona. Mwaka huu sikuwa na sababu. Nilisema tutaona.

Wote mezani wakaanza kutema. Yule mama wa hoteli akaniambia kwa upole: "Si kwa ubaya, Maman. Ukimeza yote utalewa mbele ya chakula." Nilimeza yangu yote. Ilikuwa kali mwanzoni, halafu ikatulia, ikabaki ulimini kama embe changa. Halafu nikasimama.

"Miye nililisha huyu mutoto Syntiche na bunga ya Kasumbalesa, mufuko ku kichwa, mvua ku mugongo. Na weye, moto yangu haujaiona, unanitemea mate mbele ya bantu?"

Aristote aliweka glasi mezani. Alitazama chini. Samaki walikuwa wanaletwa, Angélique akasimama nao katikati ya baraza, hajui pa kuwaweka.

"Mama, ikala," Syntiche alisema. "Tutazungumuza ku nyumba."

"Ku nyumba ya nani? Chagua. Taxi yangu ao meza yake. Ukibakia hapa, usiniite tena mama."

Hakusimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakusimama. Dereva alikuwa bado anakula nyama kwa jikoni, nikamngoja ndani ya gari na jua lote lile, nikiangalia mlango wa baraza. Mwenya alikuja, na chupa aliyopewa na Angélique imefungwa kwenye gazeti. Syntiche hakuja.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua ya kwanza ya nguvu. Simu: hashiki.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwita Mwenya, nikamtuma na faini. Kuku mweupe mmoja, kitenge kimoja cha vipande sita, na Aristote mwenyewe aje kupiga magoti mlangoni.

"Nitapeleka," Mwenya alisema. "Lakini shemeki, weye njo ulikataa kuikala kwenye balituwekea."

"Balituweka nyuma ya jiko."

"Balituweka pa kivuli."

"Kivuli ya matete! Ulisha ona wapi muntu anafichaka buko yake sawa chupa ya gaz?"

Akaanza kujifunga kitambaa kichwani. Mwenya akinyamaza ana neno, lakini ni mtu wa kungoja umuulize. Sikumuuliza.

Jumatatu, 17 Novemba

Kasumbalesa. Hapa mpakani malori yamepanga foleni mpaka huwezi kuona ya mwisho. Bunga limepanda tena. Mwenye kununua leo mifuko kumi na kuuza kwa meka, kopo la kupimia, moja moja pale Naviundu, akitoa taksi na wabebaji, anabaki na faida ya mfuko mmoja na nusu. Nilinunua ishirini.

Niliwaelezea wanawake wenzangu habari ya mate. Nilidhani watapiga mikono kwa huzuni. Mmoja akauliza:

"Alikutemea wapi? Ku muguu?"

"Hapana. Mu ndoo."

"Basi, ni ndoo njo iombe faini."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nililipa chakula cha watu waliokuwa wananicheka.

Alhamisi, 20 Novemba

Faini imefika. Kuku mweupe, hana hata unyoya mmoja mweusi, na kitenge cha vipande sita, kizuri kuliko kile ningejinunulia mwenyewe. Kijana wa pikipiki ndiye aliyeleta. Magoti hayakuja. Neno halikuja.

Nimekaa navyo mezani. Nilitaka kugombana. Mtu akikulipa kila kitu na kunyamaza, ugomvi unabaki wako peke yako.

Ijumaa, 21 Novemba

Kuku wa faini ametaga chini ya kabati.

Jumapili, 23 Novemba

Misa ya kwanza. Mtu wa pembeni yangu aliniuliza: "Syntiche iko wapi?" Nikajibu, iko na malaria. Nimedanganya mbele ya altare. Divai ilipoinuliwa nilikumbuka ile ya Aristote, namna ilivyotulia ulimini baada ya ukali. Chupa bado iko juu ya kabati. Sikuifungua na sikuitupa.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Uyoga umejaa sokoni. Syntiche akiwa mdogo alikuwa anakula uyoga kabla haujafika kwenye bukari, ugali wetu. Nilinunua fungu moja, nikampa mpangaji wangu wa chumba cha nyuma.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo mchana Angélique, yule mpishi, alikuja mpaka kwenye kibanda changu cha bunga. Alikuwa anatafuta kikapu. Ile siku, nikiondoka kwa hasira, nilibeba kikapu cha jikoni nikidhani ni changu. Nilimrudishia. Nikamkaribisha kiti, maana mvua ilikuwa inatisha, na nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye haki:

"Mwambie patron yenu, siku nyingine banialike mbele ya bantu, hapana nyuma."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Maman, ile meza haikukuwa ya patron. Ilikuwa ya Aristote."

"Njo maana. Alinionea haya."

"Haya?" Akaweka kikapu chini. "Maman, yale matete alikata yee mwenyewe, ku muto ya Naviundu huku kwenu, akabeba na velo, baisikeli yake. Siku mbili anapanga. Nikamuuliza, Aristote, unajenga nyumba? Akasema: buko wangu anakuya. Bado habajanionyesha moto. Hapaswe kuniona nikikula, hapaswe kuniona nikitema. Pale atakuwa na amani yake."

Nilianza kupanga mifuko iliyokuwa tayari imepangika.

"Alinunua basani mupya ya kunawa," Angélique aliendelea. "Akaniambia: usimupe samaki ya bainvités, bale bageni ba hoteli, ile ya na mafuta ya maua. Umupikie bitoyo, samaki ya chumvi, na mboga ya lengalenga, na bukari ya bunga muzito, Syntiche alisemaka hivyo njo anapenda. Na ile divai yako alikuwa amekutilia pembeni, ya kwanza kutoka, mbele hata ya patron. Yee angekula mu jiko, kisha mukisha kuenda."

"Na ile chakula ilienda wapi?"

"Tulikula shiye bapishi. Bitoyo ilikuwa tamu, Maman. Pardon."

Mvua ilipungua, akaondoka na kikapu chake. Nimefunga kibanda mapema.

Kwa hiyo nipange mambo jinsi yalivyo. Miaka yote nilisema moyoni: huyu mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyezaliwa Kabalo mbali na kwetu, hajui kitu cha moto wetu. Alijua. Alijua vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nao. Yeye alifunga njia na matete ili asinikosee, mimi nikavuka matete nikaenda kukaa mbele ya mdomo wake. Kisha nikamtoza faini kwa kosa nililomtafutia mwenyewe. Na akalipa. Na kuku wake yuko chini ya kabati yangu.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo nilimkasirikia Syntiche siku nzima. Kwa nini hakuniambia? Neno moja lingetosha.

Halafu jioni, nikichambua mchele, nilikumbuka. Jumamosi ile, siku moja kabla ya chakula, alikuja hapa. Alisimama pale mlangoni, akasema: "Mama, amekuwekea nafasi pembeni, juu ya..." Nikamkata: "Juu ya nini? Juu ya harufu ya bunga?" Akacheka kidogo, bila furaha. Akasema: "Acha tu. Utaona kesho."

Neno moja. Lilikuwa linatoka. Nililirudisha mdomoni mwake.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Simu: hashiki.

Jumanne, 2 Desemba

Mwenya alikuja bila kuitwa, akakaa bila kukaribishwa.

"Banaenda," alisema. "Patron anamutuma Aristote Afrika ya Kusini, ku masomo ya divai, miaka mbili. Muke naye anaenda. Bus ni Jumatatu, tarehe kumi na tano."

"Nani alikuambia?"

"Syntiche. Miye anashikaka simu yangu."

Lile lilinichoma kuliko safari.

"Na weye ulijua ile mambo ya matete?"

"Shemeki, nilijua tangu nilipoona basani. Muntu haweke basani mupya juu ya kuficha muntu. Nilikuvuta mukono, ukaninyanganya mukono wako."

"Ungesema!"

"Kwako muntu anasemeaka wapi? Ukishaanza hesabu yako, mwenye kusema anapoteza." Alivua viatu, akanyoosha miguu kama mtu atakayelala hapa. "Miaka tatu ninakuuliza: moto ni lini? Unasema tutaona. Yule mutoto anakuyaka hapa Krismasi, anaishia ku mulango, anakunywa hata maji hapana. Anaacha mufuko ya zawadi, anarudia. Ulifikiri ana majivuno, si vile?"

Nilifikiri hivyo hivyo. Nilisema hata kwa majirani: anaogopa kuchafua suruali kwenye kiti changu. Krismasi mbili amesimama mlangoni na kiu yake, anangoja moto wangu.

Hapa nilitaka kuandika kwamba sikuwa na namna. Si kweli. Vyungu vilikuwepo. Nilitaka injinia wa mgodi, nilisomesha binti kwa hesabu ya injinia wa mgodi, wakaniletea mchunga divai. Sikumkataa, maana Syntiche alimtaka. Nilimwacha nje tu.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetoka Naviundu asubuhi na mayai ya kuku mweupe kwenye kikapu, nimefika shamba la zabibu na matope mpaka magotini. Askari wa mlango alisema Syntiche ameenda mjini kwa ajili ya pasipoti. Nikasema nitangoja. Akanipa nailoni nijifunike.

Karibu na saa sita nilimwona Aristote anakuja kwenye njia ya katikati, mkasi wa kukatia mkononi. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye njia ile ile. Aliponiona alisimama. Kisha akatoka njiani, akaingia katikati ya mizabibu iliyolowa, akachuchumaa chini na kunipa mgongo.

Mwezi mmoja uliopita ningeandika: amenikimbia. Leo najua anachofanya. Ndivyo mume wa binti anavyompisha mama ya mke wake. Marehemu mume wangu alimfanyia mama yangu hivyo hivyo, kule kwetu, mpaka siku ya moto. Aristote alikaa pale kwenye matope, mvua inampiga shingoni, anangoja nipite.

Mimi ndiye niliyepaswa kupita. Nikasimama na kikapu changu. Nilitaka kusema, simama, mwanangu, utaugua. Lakini si kwa mdomo wangu, mpaka vyungu viivye. Desturi ile ile niliyompigia kelele nayo mezani sasa ilikuwa imenifunga mdomo mimi. Nikaweka mayai juu ya jiwe mahali atakapoyaona, nikapita, nikatoka mlangoni. Nilipogeuka alikuwa bado hajainuka.

Kwenye taksi nililia kama mtoto. Dereva akapunguza muziki.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua. Mayai yamerudi. Kijana wa pikipiki alisema: "Banasema aksanti, lakini bado habawezi kukula ya huku." Sikukasirika. Ni sawa. Mayai yangu ni chakula cha kwangu, na mlango wa chakula cha kwangu sijaufungua.

Jumanne, 9 Desemba

Kuni zimelowa. Nimenunua makaa. Mwenya ataleta vyungu vitano, mimi ninavyo vinne, vitatu tutaazima parokiani. Kuku, bitoyo, lengalenga, sombe ya majani ya muhogo, maharage, mchele, uyoga, karanga, vibata, nyama ya mbuzi, bukari ya bunga langu mwenyewe, na cha kumi na mbili munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, maana mchunga divai lazima aone na sisi tunachachusha. Kuku mweupe simchinji. Ile faini haikuwa halali, atarudi kwa mwenyewe akiwa mzima, na kitenge juu yake.

Chupa nimeishusha kutoka juu ya kabati, nimeipangusa vumbi.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua imekatika tangu asubuhi. Mwenya anaenda barabara ya Kasenga saa kumi. Kwa Aristote siwezi kusema mwenyewe, na Syntiche hashiki simu, kwa hiyo nimemkalisha Mwenya, nimemfanya arudie maneno mpaka akachoka na mimi. Nayaweka hapa namna alivyoyabeba.

Syntiche, mwanangu. Siku ile nilikuambia uchague, na nilikosa kukuambia hivyo. Ulifanya vizuri kubaki pa kiti chako. Mwambie mume wako: matete nimeyaelewa. Nimechelewa, lakini nimeyaelewa. Siku ya posho, Jumamosi tarehe kumi na tatu, vyungu kumi na viwili vitatoka Naviundu juu ya vichwa vya wanawake wa kwetu, na nyimbo, mchana, mbele ya majirani. Kama mtavipokea, atakula mbele yangu, nami mbele yake, na divai yake nitaimeza ao nitaitema, namna atakavyonifundisha. Jumatatu mtapanda basi nikiwa mama yenu. Kama hamtaki, semeni hamtaki, sitawatoza kitu. Lakini mbuzi ni wa kuchinjwa kesho mchana, na sitamchinja bila kujua. Nijibuni neno moja, mnapokea ao hampokei, kesho Ijumaa kabla ya saa sita ya mchana. Na musiniambie tutaona. Hilo nimelisema mimi miaka mitatu, na ninajua linafanya nini.

Ndiyo ao hapana, Syntiche. Mbele ya saa sita. Simu iko mkononi.